Mtoto ana degedege na mshipa haupatikani: dawa ipite wapi?

Swali: "Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijijini, na zamu ya usiku tunakuwa wawili tu. Tuliletewa mtoto wa miaka 2, kilo 11, akiwa na degedege, na kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Tulitafuta mshipa mikononi, miguuni hadi kichwani tukakosa, na zaidi ya dakika 20 zikapita. Mwenzangu akataka tuchome diazepamu pajani, mimi nikaogopa. Siku nyingine tufanyeje? Na ni dawa zipi za dharura ambazo ni hatari zikipita njia isiyo yake?"

Dada, ulikuwa na sababu ya kuogopa. Diazepamu ikichomwa kwenye msuli hunyonywa polepole na bila kutabirika: mmoja inamfikia baada ya muda, mwingine degedege inaendelea kana kwamba hakupewa kitu. Lakini kilichomweka mtoto hatarini zaidi ni zile dakika 20. Degedege ikishapita dakika 5 usitarajie itakoma yenyewe, na kila inavyorefuka ndivyo ubongo unavyozidi kuwa mgumu kuitikia dawa ileile ambayo ingeizima mapema. Huyo mtoto hakuhitaji mshipa ili apate dawa yake ya kwanza. Njia ya haja kubwa ilikuwepo tangu mama alipomweka kitandani.

Kwa hiyo jiwekeeni utaratibu kabla mgonjwa hajafika: mmoja anashughulikia njia ya hewa na kuandaa diazepamu ya haja kubwa papo hapo, mwingine anapima sukari na kuangalia mshipa. Mshipa ukipatikana mapema, vizuri. Usipopatikana, dawa imeshaingia.

Namna ya kuipitisha ni hii. Mlaze mtoto ubavu, futa mate na matapishi, mpe oksijeni kama ipo. Ampuli ya kawaida ina miligramu 10 ndani ya mililita 2, yaani miligramu 5 kwa kila mililita. Dozi ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo, ambayo kwa ampuli hiyo ni mililita 0.1 kwa kilo. Kilo 11 ni mililita 1.1. Vuta kwa bomba la mililita 2, kisha ng'oa sindano uitupe kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali kabla hujamgeukia mtoto. Hili lisemwe kwa sauti, "sindano imetoka", kwa sababu katika haraka ya usiku mkono hufanya kile ulichozoea.

Bomba la mililita 2 ni nene kwa mtoto, kwa hiyo kata kipande kifupi cha mpira wa kulishia puani, namba 8, ukichomeke mdomoni mwa bomba na kukipaka jeli. Kiingize sentimita 4 hadi 5, usizidishe. Damu inayotoka sehemu ya chini ya njia ya haja kubwa huingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa mwili. Ukisukuma juu zaidi, sehemu kubwa ya dawa hupitia kwanza kwenye ini, na ini hupunguza nguvu yake. Sukuma dawa, kisha vuta hewa mililita 2 uisukume pia, maana vinginevyo kiasi cha dawa hubaki ndani ya mpira. Toa mpira, bana makalio kwa dakika chache bila kuachia. Wengi hukosea hapa: dawa inatolewa sawasawa, halafu inavuja kwenye nepi na kila mtu anasema haifanyi kazi. Mtoto mwenye choo kingi mlangoni naye dawa hunaswa kwenye kinyesi, kwa hiyo akijisaidia mara tu baada ya kupewa, hesabu kwamba huenda hakupata dozi kamili na uandike hivyo.

Usiichanganye diazepamu na maji ili "iongezeke". Imeyeyushwa kwenye kimiminika maalumu kwa sababu haipendi maji. Ukiiongezea maji inafanya ukungu mweupe na hujui tena unampa kiasi gani.

Dakika 10 zikipita na bado anatikisika, rudia dozi mara moja tu. Kama wakati huo mshipa umepatikana, dozi ya mshipani ni nusu ya ile ya haja kubwa, miligramu 0.25 kwa kilo, isukumwe taratibu. Usivuke dozi mbili. Ya tatu inaweza kumsimamisha mtoto kupumua kabla haijaizima degedege, na hata baada ya ya pili mfuko wa kupumulia wenye barakoa ya saizi yake uwe mkononi, si kabatini. Baada ya hapo ni fenobarbitoni, dawa nyingine ya kuzima degedege, miligramu 15 hadi 20 kwa kilo, mshipani kwa dakika 20 au kwenye msuli kama mshipa umekataa. Mtoto mchanga wa chini ya wiki mbili usimpe diazepamu kabisa, anza na fenobarbitoni.

Mkiwa na midazolamu, ndugu wa diazepamu, mambo yanakuwa mepesi. Hiyo huyeyuka kwenye maji, ndiyo sababu msuli huipokea vizuri ilhali diazepamu huusumbua. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2012 ulilinganisha midazolamu ya msuli na lorazepamu ya mshipani kwa watu waliokuwa na degedege kabla ya kufika hospitali: asilimia 73 ya waliochomwa msuli walifika degedege imekwisha, dhidi ya asilimia 63 ya wale wa mshipani. Dawa ya mshipa ilikuwa ikifanya kazi haraka ikishaingia, lakini muda uliliwa na kutafuta mshipa. Dozi ya msuli ni miligramu 0.2 kwa kilo, isizidi 10; kwa kilo 11 ni miligramu 2.2. Inaweza pia kuwekwa kati ya fizi na shavu, miligramu 0.3 kwa kilo, nusu kila upande. Soma ampuli mara mbili: zipo za miligramu 1 kwa mililita na zipo za miligramu 5 kwa mililita, na kwa macho ni maji yaleyale.

Sasa sukari. Mtoto mwenye malaria kali na degedege apimwe sukari kabla hujasema ni malaria ya kichwani, maana ikiwa iko chini ya milimoli 2.5 kwa lita, diazepamu peke yake haitamsaidia. Ukiwa na mshipa, mpe deksitrosi (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Kama mna ya asilimia 50 tu, fungu moja lake changanya na mafungu manne ya maji ya sindano. Kwa mtoto wako ni mililita 11 za asilimia 50 na mililita 44 za maji, jumla 55. Ile ya asilimia 50 isiingie hivyo hivyo kwenye mshipa wa mtoto, inauunguza; na kwenye msuli au chini ya ngozi isiingie hata kwa mtu mzima, kwa sababu inaua nyama.

Mshipa usipokuwepo, chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kawaida, kilichosawazishwa, kilowanishe kwa tone moja au mawili ya maji uweke chini ya ulimi. Fanya hivyo degedege ikiwa imetulia na mtoto yuko ubavu. Akimeza mapema, ongeza. Rudia kila dakika 20 huku ukipima. Au pitisha mpira puani hadi tumboni, hakikisha uko tumboni kwa kuvuta majimaji ya tumbo, kisha mpe mililita 50 za maji yenye sukari: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa ndani ya mililita 200 za maji safi. Sukari ya dukani inaokoa mtoto, na zahanati isiyokuwa na kopo lake kwenye trei ya dharura imejinyima dawa.

Malaria yenyewe hutibiwa kwa artesuneti, na artesuneti haihitaji mshipa. Kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo wako alihitaji 33. Kinachowachanganya watu ni uyeyushaji. Kichupa cha miligramu 60 kwanza kiyeyushwe na ampuli yake ya sodiamu baikaboneti, mililita 1, utikise hadi kiwe angavu. Kisha kwa mshipa ongeza maji ya chumvi mililita 5 upate miligramu 10 kwa mililita, na kwa msuli ongeza mililita 2 upate miligramu 20 kwa mililita. Dawa ileile, kichupa kilekile, nguvu mbili tofauti. Kwa msuli mtoto wa kilo 11 anapata mililita 1.65, ukimpa ujazo huo wa ile ya mshipani umempa nusu ya dozi. Usitumie maji ya sindano badala ya maji ya chumvi, na iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja. Zipo pia aina zenye kiyeyushi kimoja tu; hizo zifuate karatasi yake. Choma sehemu ya mbele ya paja.

Kuhusu paja, msichome watoto makalioni. Mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unapita hapo, na kwa mtoto mdogo hakuna nyama ya kutosha kuukinga. Uganda ina watoto wengi waliobaki na unyayo unaoning'inia au msuli wa kalio uliokakamaa baada ya kuchomwa kwinini makalioni, mara nyingi kwa homa iliyoweza kutibiwa kwa vidonge.

Kama artesuneti ya sindano haipo na unampa rufaa, kidonge cha artesuneti cha kuweka njia ya haja kubwa cha miligramu 100 kinatosha kwa wa umri wake; wa miaka 3 hadi chini ya 6 hupewa viwili. Kikitoka ndani ya dakika 30, weka kingine. Lakini ukiwa na sindano, tumia sindano, hasa mtoto ambaye umeshampitishia diazepamu njia hiyohiyo.

Nije kwenye mfupa, kwa sababu huko ndiko mlipaswa kwenda kama mtoto angekuwa amezimia kwa mshtuko na anahitaji damu au dawa za moyo. Mishipa ya mtoto aliyekaukiwa hujikunja na kupotea, lakini uboho umezungukwa na mfupa, hauwezi kujikunja. Chochote kinachopita mshipani kinaweza kupita mfupani kwa dozi ileile. Majaribio mawili ya mshipa yakishindwa kwa mtoto anayekata roho, acheni mshipa.

Chagua mguu ambao haujavunjika na hauna kidonda mahali hapo. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, na mkono wako usikae nyuma ya mguu, kwa sababu sindano ikipitiliza itakukuta. Papasa kinundu kilicho chini ya pia ya goti. Kutoka hapo shuka sentimita 1 hadi 2 kisha sogea upande wa ndani, utafika kwenye bapa laini la mfupa wa muundi. Safisha. Shika sindano ya mfupa wima kabisa juu ya bapa hilo, kandamiza huku ukiizungusha kulia na kushoto kama unatoboa kibuyu. Upinzani utaachia ghafla, na hapo hapo uache kusukuma. Sindano iliyoingia vizuri husimama yenyewe ukiiachia. Vuta: uboho ukitoka, vema, usipotoka haimaanishi umekosea. Jibu la uhakika ni mililita 5 za maji ya chumvi zikipita bila kulazimisha huku jicho lako likiwa kwenye shavu la mguu. Likivimba au kuwa gumu, uko nje ya mfupa, toa.

Dripu ya kuning'inia haitembei vizuri mfupani, unasukuma kwa bomba. Ukishindwa mguu mmoja, nenda mguu wa pili, usitoboe mfupa uleule mara mbili: dawa itavujia kwenye tundu la kwanza. Na itoke ndani ya saa 24, kabla haijaleta maambukizi. Mtu aliye na fahamu huumia sana wakati wa kusukuma maji kuliko wakati wa kutoboa, kwa hiyo lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 isiyo na vihifadhi, miligramu 0.5 kwa kilo, ipite kwanza taratibu.

Njia ikishapatikana, pingeni kishawishi cha kumjaza maji. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 kwa zaidi ya watoto 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, ulionyesha kwamba waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3. Wengi wa watoto hao walikuwa na malaria.

Umeuliza dawa zenye hatari zikikosea njia. Kipimo cha kwanza ni kujiuliza damu inakwenda wapi. Mgonjwa aliye kwenye mshtuko mwili wake umeondoa damu kwenye ngozi na misuli ili kulinda moyo na ubongo. Ukimchoma mofini pajani haimfikii, anaendelea kulia, unamwongeza. Halafu dripu inamrudishia mzunguko na zile dozi zote zinaingia kwa pamoja. Ndipo anapoacha kupumua, ndani ya gari la wagonjwa, maumivu yakiwa yametulia na kila mtu akidhani amelala.

Adrenalini ya mshtuko wa mzio imeachwa nje ya kanuni hiyo. Yenyewe ni ya msuli, sehemu ya nje katikati ya paja, ampuli ya miligramu 1 kwa mililita bila kuchanganya: mililita 0.5 kwa mtu mzima na mtoto wa zaidi ya miaka 12, mililita 0.3 kwa wa miaka 6 hadi 12, mililita 0.15 kwa wa miezi 6 hadi miaka 6. Rudia kila dakika 5 kama hakuna nafuu. Usiichome chini ya ngozi. Utafiti wa watoto wa mwaka 1998 ulikuta kwamba kwa msuli inafika kileleni kwenye damu kwa dakika 8 hivi, kwa ngozi dakika 34. Na usiisukume ampuli nzima mshipani kwa mtu ambaye moyo wake unapiga, kwa sababu unaweza kuuvuruga hadi usimame. Dozi ya miligramu 1 mshipani ni ya mtu mzima ambaye moyo umekwisha kusimama. Mtoto wa namna hiyo hupewa mililita 0.1 kwa kilo ya ile iliyochanganywa, mililita 1 ya dawa na 9 za maji ya chumvi.

Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba nayo ina nguvu mbili na njia mbili. Ya asilimia 50 huingia msulini, kamwe si mshipani ilivyo. Ili upate gramu 4 za mshipani vuta mililita 8 za asilimia 50, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, sukuma taratibu kwa dakika 5 hadi 20. Kisha gramu 5 kila kalio, mililita 10 pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2. Mkiwa zahanati na mshipa umekataa, zile gramu 10 za msuli zinatosha kumsafirisha. Kabla ya dozi inayofuata gonga chini ya goti. Mguu usiporuka, au pumzi zikiwa chini ya 16 kwa dakika, usitoe. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, iwe imewekwa pembeni yake tangu mwanzo.

Oksitosini baada ya kujifungua ni yuniti 10 msulini. Ukizisukuma kwa haraka mshipani kwa mama aliyekwisha kumwaga damu, presha yake itaporomoka.

Nyingine nitazisema kwa ufupi, lakini kila moja imeshaua au kulemaza. Potasiamu kloridi haisukumwi kwa bomba mshipani, huchanganywa kwenye dripu na kwenda polepole. Fenitoini, dawa nyingine ya degedege, haiingii msulini, na haichanganywi na deksitrosi, inaganda. Penisilini ya benzathini ni ya msuli tu. Ikiingia kwenye damu ni kama umepandisha chaki kwenye mapafu, kwa hiyo vuta bomba uone kama damu inarudi kabla ya kusukuma. Seftriaksoni iliyoyeyushwa na lignokeini ni ya msuli tu. Ukiwa nayo mkononi na ghafla mshipa ukapatikana, usishawishike kuimalizia huko.

Kwa wawili mlio peke yenu usiku, kinga yenu kubwa ni plasta na kalamu. Mabomba matatu ya maji angavu kwenye trei moja hayana jina. Andika dawa, miligramu kwa mililita, na neno MSULI, MSHIPA au HAJA KUBWA, kisha anayetoa asome kwa sauti na mwenzake aitikie. Agizo la simu lirudiwe kwa miligramu, na baada ya hapo mligeuze kuwa mililita pamoja. "Mpe nusu bomba" si dozi. Mizani ikikosekana, mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mkadirie kwa kuchukua umri, kuongeza 4, na kuzidisha mara 2.

Na barua ya rufaa iwe na saa, dozi na njia ya kila dawa. Anayempokea mtoto akisoma "amepewa diazepamu" tu, hajui kama ni moja au mbili, ya dakika 10 zilizopita au ya saa 2, haja kubwa au mshipani. Akikuta bado anatikisika atampa nyingine, na huenda hiyo ndiyo ya tatu.